Maikrofoni Nyuma ya Pazia la Bi Ashatu

KITUO CHA POLISI BAGAMOYO
Maelezo ya shahidi, 26 Septemba 1973, saa 3:15 asubuhi

Jina: Mwanvita binti Rehani. Umri: miaka 31. Kazi: mnasa sauti, kikundi cha sinema za kilimo. Makazi: Bagamoyo mjini, nyuma ya soko.

Nimeitwa kueleza habari za shamba la minazi la Bi Ashatu binti Mikidadi wa Zinga, aliyeko mahabusu kwa kudaiwa kuiba nazi. Sijashurutishwa. Nimebembelezwa, na hilo nitalieleza, lakini sijashurutishwa.

Mnamo tarehe 18 Juni 1973, saa nne asubuhi, tulifika nyumbani kwa Bi Ashatu kumhoji juu ya minazi. Tulikuwa wawili, mimi na Bwana Msabaha, mpiga picha, ambaye ni mkubwa wangu kazini. Bi Ashatu alikuwa ndani ya eda, mumewe alifariki mwezi wa Mei, kwa hiyo alikaa chumbani nyuma ya pazia. Shemeji yake, Muhidini Seleman, alikaa ukumbini mbele ya kamera. Kwetu mwanamke wa eda hapazi sauti mbele ya wanaume wa nje. Husema polepole, na mwanamume wa nyumba huyafikisha maneno yake kwa wageni.

Nilikuwa na maikrofoni mbili: kubwa ya kusimamisha mezani, na ndogo ya kuvaa shingoni, yenye waya mrefu. Bwana Msabaha alitaka niweke ile kubwa mbele ya Muhidini, mambo yaishe. Nilikataa. Ile inaokota sauti za kuku, baiskeli na makuti, na mtu aliye mbali nayo ni kama hayupo. Nikamuuliza, "Kaka, tumekuja kumhoji Bi Ashatu au shemejiye?" Alinuna, tena hasa. Nikaingia chumbani, maana mwanamke mwenzake sizuiwi, nikamwamkia, nikamvika ile ndogo chini ya mtandio. Waya ulipita chini ya pazia. Muhidini aliuona. Nadhani aliamini mashine inasikia kama wageni wanavyosikia, yaani yale anayoyatoa yeye tu.

Bwana Msabaha akauliza shamba litakuwa mikononi mwa nani. Mimi nilikuwa nimevaa visikilizio masikioni. Bi Ashatu alisema, "Mikononi mwangu. Shamba la baba yangu hili, Muhidini, simpi mtu." Muhidini akaitazama kamera, akasema kwa sauti kubwa, "Anasema ameniachia mimi." Bwana Msabaha alisikia la Muhidini tu.

Siku ile nilinyamaza. Nilidhani ni maneno ya nyumbani, yatamalizwa nyumbani. Nilikosea, na tangu nisikie yuko mahabusu nimekuwa nikijilaumu.

Eda ilipokwisha, tarehe 22 Septemba Bi Ashatu aliangusha nazi zake. Muhidini akaja kushtaki hapa kwamba shamba ni lake, alipewa mbele ya kamera. Tarehe 24, saa kumi na moja jioni, alinifuata kwangu. Akasema, "Mwanangu, wewe sema mashine ilinasa kelele tu." Nikamwambia kelele ndizo zilizonigombanisha na mkubwa wangu siku ile. Akasema nisipokubali atanisemea kazini. Anisemee.

Afande umeniuliza kama huenda nilisikia vibaya. Sikusikia vibaya. Umeniuliza kama mimi, mdogo kazini, nampinga Bwana Msabaha aliyeandika katika taarifa yake kwamba mjane alikubali. Ndiyo, nampinga, na uandike hivyo hivyo. Tepu ninayo mkobani. Siiachi hapa. Isikilizwe Bi Ashatu akiwapo, la sivyo naondoka nayo mpaka mahakamani.

Hayo ndiyo niliyoyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, sikupunguza neno, natia saini.

(Saini) Mwanvita Rehani

Maandishi ya askari: Mimi, Koplo Husseni, nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Tepu ilipigwa kituoni saa 5:20 asubuhi mbele ya shahidi, Bi Ashatu na Muhidini Seleman. Maneno ya nyuma ya pazia yanasikika wazi. Muhidini aliomba irudiwe, ikarudiwa. Ilipokwisha mara ya pili, Bi Ashatu alimwambia, kwa sauti iliyofika mpaka nje barazani: "Haya, nisemee tena."