Pipa la Mabua

Heru Juu, Kasulu

Kaka Nathaniel,

Shikamoo. Mvua imekatika mapema, maharage yamesinyaa. Mbuzi wako amezaa.

Mabua ya mahindi niliyaloweka kwenye ile tindikali uliyotuma, ili yalainike, yatoe sukari ya kuchachusha, tupate spiriti ya kupikia. Nilitumia pipa letu la kulowekea mihogo, maana jingine hatuna. Jumanne nikaenda shambani bila kumwambia mama kilichomo pipani. Aliingiza mikono yote miwili kubonyeza kama mihogo imelainika. Mikono yake imekomaa kwa jembe, akachelewa kusikia moto.

Hospitali wamemkata vidole sita.

Usitume dumu jingine. Mama amenikataza kukueleza haya. Amesema nikuandikie tu kwamba mabua yamelainika.

Mdogo wako,
Ernesta