Hodi Tatu Langoni

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimepandisha ndoo mbili za maji na tumbo hili la miezi minane. Mume wangu Salehe angeniona angegomba. Agombe. Yeye yuko bandarini kutwa.

Vyumba vyetu vya ghorofani navipenda, upepo tele. Lango silipendi. La chuma, na ufunguo ni mmoja, uko kiunoni kwa bawabu, Mzee Faki wa Pemba. Amri ya mwenye nyumba.

Kesho Mama anakuja kutoka Tongoni, akae nami mpaka nijifungue. Hapa hajawahi kufika. Nimemwarifu Mzee Faki mara mbili.

Jumanne, 5 Machi
Mama hakuja. Samaki wa kupaka niliyempikia tumemla mimi na Salehe.

Jumatano, 6 Machi
Kumbe alikuja! Kaniambia Bi Zuhura, muuza bajia wa ng'ambo ya barabara. Jana alasiri Mzee Faki alifunga lango, akaenda kusali. Akatokea mama mmoja na kikapu cha ukindu. Kapiga hodi. Ya pili. Ya tatu. Kisha akageuka. Bi Zuhura alidhani muuza mikeka.

Mama hapigi hodi ya nne kwa mtu yeyote. Ndivyo alivyotulea: tatu, usipoitikiwa urudi ulikotoka. Na mimi nilikuwa jikoni, upande wa uani, nakuna nazi yake.

Nimelia. Nimemgombeza Mzee Faki, mtu mzima yule. Hata shikamoo sikumpa.

Alhamisi, 7 Machi
Salehe kaomba ruhusa kazini, kaenda Tongoni kwa baiskeli. Karudi peke yake. Mama kamlisha vizuri, kisha kamwambia, "Sina kinyongo, baba. Nimebisha mara tatu, sikuitikiwa. Basi."

Hana kinyongo! Namjua mie. Naogopa kuzaa bila yeye. Salehe sijamwambia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwamkia Mzee Faki, nikampelekea chai. Aibu nilikuwa nayo mimi, kumbe naye anayo. Kafungua ufunguo kiunoni, kaniwekea kiganjani.

"Kosa langu, mwanangu. Kesho n'takwenda mwenyewe nikamtake radhi. We n'kalie lango."

Mwenye nyumba akijua, kazi hana.

Jumamosi, 9 Machi
Kutwa kwenye kiti cha Mzee Faki, miguu imevimba. Kila anayepita namwambia karibu, hata asiyebisha. Muuza kahawa kanicheka.

Alasiri, hodi. Moja tu. Niliitikia haijamtoka vizuri. Halafu machozi yakanijaa, tundu la kufuli silioni. Mama nje, mimi ndani, tumeshikana vidole kwenye nondo, tunalia na kucheka. Mzee Faki kasimama nyuma yake na kikapu kichwani. Ikabidi yeye achukue ufunguo kupitia nondo, atufungulie.

Jumapili, 10 Machi
Mama kalalamikia ngazi, kalalamikia jiko. Kanikanda miguu kwa mafuta ya nazi mpaka nikasinzia.

Nilipoamka alasiri hayumo chumbani. Nimechungulia dirisha la mbele. Mzee Faki kaenda kusali. Mama yuko langoni kwenye kiti cha mzee, ufunguo mapajani, anawaitikia watu.