Pini za Nyota ya Mwalimu

Kikuyu, Dodoma

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na uwele umeota, au ndege wamezimaliza mbegu? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku halina huruma, na ndilo lililoniponza.

Nimesikia Eliza siku hizi anamwita dada Mage mama. Simlaumu, ana miaka mitatu tu. Lakini siku niliyosikia sikula. Nikaamua nimwombe Mwalimu, huyu ninayemfanyia kazi za nyumbani, nikae na mwanangu hapa kwenye chumba cha uani.

Nikasema kwanza ning'arishe nyumba, ndipo niombe. Dirishani Mwalimu ana fremu ya mbao yenye picha mbili za nyota moja, kwenye plastiki ya kupitisha mwanga, moja juu ya nyingine, zimeshikwa kwa pini. Nikazibandua, nikafuta vumbi, nikazirudisha.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Mama Eliza, nani kagusa pini?"

"Mimi, Mwalimu. Kulikuwa na vumbi."

"Hiyo kazi yangu ya jioni za wiki mbili."

Nikalia, mama. Akanivutia kiti. Akanieleza kwamba nyota ile ni nzito kuliko jua mara nyingi sana, na zamani ilirusha vipande vyake nje. Vinakimbia mpaka leo, ila kwa umbali ule huwezi kuviona vikisogea. Basi unachukua picha ya zamani na ya sasa, unazilaza mpaka nyota za pembeni zisizohama zikae sawa, ndipo unapima kila kipande kimekwenda kiasi gani. Mimi nilikuwa nimelinganisha kona za plastiki.

Kesho yake tukazipanga upya kutwa nzima. Haya macho ya kuchambua mawe kwenye uwele yalifaa: mimi naonyesha kidoa, yeye anaweka rula na kuandika. Vyote vinakwenda nje, mama. Hakuna hata kimoja kinachorudi.

Hapo nikaomba. Mwalimu akanitazama juu ya miwani.

"Huyo mtoto anashikashika vitu?"

Nikasema hashiki kabisa.

Msalimie shemeji, na mjomba akirudi na ng'ombe. Dada Mage mwambie asinune. Kwa kunilelea mtoto sitamsahau, na Ijumaa amlete yeye mwenyewe kwa basi la asubuhi. Na wewe mama, kwa siku hizi chache zilizobaki, mfundishe Eliza kuweka mikono nyuma.

Ni mimi mwanao Rehema,
mama yake Eliza