Ngozi ya Dume Jeusi

Bariadi,
18 Agosti 2002

Kwako kaka Nkinda,

Mwangaluka, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Lamadi, wewe na shemeji, pamoja na huyo mtoto ambaye mpaka leo sijamwona. Sisi tunaamka na kulala. Mayu anasumbuliwa na magoti, lakini mama yetu unamjua, ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayemwokotea pamba. Dada yetu Milembe ana mimba ya pili na anakula udongo mpaka mumewe analalamika kwamba ukuta wa jiko utaanguka. Barua hii anakuletea Justina, anayekuja huko kununua dagaa, pamoja na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Nakuomba sana, usikifungue mpaka umalize kusoma.

Kuhusu msiba wa Baba, najua habari unazo. Nilikuona siku ya mazishi, umesimama kwenye mashine ya kusaga, na nikamwona baba mdogo Maganga akikufuata kukwambia usisogee. Ulivua kofia ukakaa nayo mkononi. Sikuja kukusalimia, kaka, na sababu utaiona humu.

Unakumbuka lile spika la besi, la inchi kumi na mbili, ulilolitoa kwenye baa iliyofungwa ukanibebea kwa baiskeli kutoka huko? Biashara huria ilikuwa imetuletea kaseti na redio za Kichina kila kona, nami nikajiapiza kwamba sitazeeka nikipalilia pamba. Nilitaka kukodisha muziki kwenye harusi. Harusi ya kwanza iwe ya Milembe, ili watu wasikie na waniite.

Sanduku lenyewe nililitengeneza kwa plaiwudi za makasha ya mashine, zile zilizouzwa kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Watu hudhani kazi ni kukata mbao. Kazi ni kuziba. Sanduku la besi likivuja hewa hata kwenye tundu la sindano, sauti inakuwa ya mzee mwenye mafua. Nilichanganya gundi na unga wa mbao, nikapaka kila ungio kwa ndani, nikaacha siku mbili, nikapaka tena. Kisha nikawasha muziki na kupitisha mshumaa pembezoni. Mwali ukitikisika, hapo pana tundu. Kona zote zilitulia. Palipobaki ni pale spika linapokaa kwenye mbao, na hapo mshumaa ulizimika kabisa.

Nilijaribu tyubu ya baiskeli, ikajikunja. Nikakata kandambili, lakini vipande vina maungio, na kwenye ungio ndiko hewa inakopita. Palihitajika pete moja nene, laini, isiyo na ungio. Zilibaki siku nne kabla ya harusi, na nilishaanza kuchekwa. Mwishowe nikapata cha kuzibia. Mwali ukasimama wima.

Harusi uliiona mwenyewe. Uliona Baba alivyosogeza kigoda chake mpaka kwenye sanduku, akaweka kiganja juu yake na kufumba macho. Alisema kwamba tangu ujana wake kwenye ngoma hajasikia kitu kinachompiga kifuani namna ile, na akauliza nimelipa nini hata likapata sauti hiyo. Nilimjibu kwamba nimelipa gundi nyingi. Watu wakacheka, na wewe ulicheka kuliko wote.

Wiki tatu baadaye Baba alipanda dari kuitoa ngozi yake aipake samli, kama alivyofanya kila baada ya mavuno. Haikuwepo. Wewe na mimi tumekua tukiiona ngozi ile. Dume jeusi alilolikuza mwenyewe, akalichinja alipomzika babu, akaihifadhi ngozi nzima ili naye aje azikwe ndani yake kama baba zake walivyozikwa. Ulipomshauri kwamba siku hizi watu wananunua majeneza, alikujibu kwamba yeye si sabuni hata atiwe kwenye boksi.

Na wewe ndiye uliyekuwa ukikusanya ngozi vijijini kuwauzia wale wachuuzi wa Mwanza. Basi hakuna aliyeuliza zaidi. Uliapa, ukalia, na Baba akatamka mbele ya ukoo mzima kwamba wewe si mwanawe na usije ukakanyaga kaburi lake. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Nilitazama miguu yangu.

Ng'ombe walikwisha na ukame, hapakuwa na dume jingine, na Baba alikataa katakata ngozi ya kununua. Alipofariki, ukoo ukaamua jeneza, na baba mdogo akasema fundi yumo nyumbani. Nikamtengenezea Baba sanduku, kaka. Mikono ikafanya ilivyozoea, gundi na unga wa mbao kwenye kila ungio. Baba mdogo akapapasa kwa ndani, akanisifu kwamba hata chungu hataingia.

Sasa nisikuzungushe. Ngozi niliichukua mimi. Nilidhani nitakata pete tu, ukubwa wa sahani, upande wa shingo, na Baba hatagundua. Nilipoikunjua, tundu lilinitazama. Ngozi iliyotobolewa haimfuniki mtu, hata mimi nalijua hilo. Hofu ikanishika, nikaikunja iliyobaki na kuitumbukiza kwenye shimo la choo cha zamani, nikafukia. Nilikusudia kusema baada ya harusi. Kisha ukatuhumiwa wewe, nami nikaona aibu yangu imepata mbebaji. Nilikuacha ubebe.

Jumatatu nilimweleza baba mdogo Maganga. Nilitegemea anipige. Badala yake akasema kwamba neno lile lilitamkwa na Baba, na wa kulirudisha ni Baba peke yake, na Baba hayupo. Nikamuuliza kama hakuna dawa, hakuna mbuzi wa kuchinja. Akaniambia nisimsumbue, akaingia ndani. Kwa hiyo sikuiti nyumbani, kaka, maana sina nyumba ya kukuitia. Wala sikuombi msamaha, kwa kuwa ukinisamehe leo bado kaburi la Baba hutalikanyaga.

Kwenye kifurushi kuna pete ya ngozi. Nimelifungua spika nikaitoa. Bado ina harufu ya samli aliyoipaka Baba kwa mkono wake. Ndiyo yote iliyobaki ya ile ngozi, na mwenye haki ya kuishika ni wewe.

Wasalimie shemeji na mtoto, umwambie ana baba mdogo, usimwambie zaidi. Mayu anakusalimu bila kulitaja jina lako. Anasema tu nikimwandikia yule wa Lamadi nimwambie avae sweta asubuhi. Yeye bado sijamwambia habari ya ngozi. Kila Jumapili ananiomba niwashe muziki, aweke kiganja pale Baba alipokiweka. Leo asubuhi niliwasha. Sanduku likakoroma, akaniuliza limepatwa na nini.

Ni mimi mdogo wako,
Danford Mayala