Mifupa ya Matanga

Gesima, Jumamosi

Na nilijua hawatanielewa, lakini mkono ulitangulia akili.

Leo tumemzika kaka yangu. Watu walipomaliza kula, mifupa ya ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili ya waombolezaji ilikuwa imetapakaa nyuma ya jiko, mbwa wakiigombania. Nikachukua gunia nikaanza kuokota, kama ninavyookota kwenye mabucha kila wiki, ili niichome, niisage, nichanganye na mboji ya migomba kupata mbolea ninayouza.

Mjane wake akatoka jikoni akanikuta nimeinama.

"Shemeji, hata udongo wa kaburi haujakauka, na wewe uko hapa unatafuta biashara?"

Wanawake waliokuwa wakiosha sufuria waligeuka kunitazama. Shangazi akasema neno kwa Ekegusii ambalo sitaliandika hapa.

Biashara! Shamba lao limechoka, kila msimu mahindi yanatoka na majani ya rangi ya zambarau kwa kukosa fosforasi, ambayo imejaa kwenye mifupa. Kaka mwenyewe aliniomba akiwa kitandani: "Usisahau mbolea yangu." Nikamwambia angoje kidogo, nipate kwanza mifupa ya kutosha.

Ningeyasema hayo mbele ya watu? Wangesema namsingizia marehemu.

Gunia nimelificha nyuma ya choo. Kuichoma mifupa naogopa, maana harufu ya moshi ule kijiji kizima kinaijua. Kuitupa nako...

Mvua imeanza kunyesha. Wiki ijayo shemeji atapanda bila mbolea, na mifupa ya kutosha ninayo.