Mamba Mmoja Ziwa Rukwa

Sumbawanga, Jumapili

Hapana, sitasaini. Hata wakinitenga.

Binamu yangu Kalolo, anayeleta nguo kutoka Kasanga tangu biashara iwe ruksa, anataka kuchapisha kalenda ya ukoo wetu wa kichifu. Ukoo uanzie kwa Mfalme Suleimani, na jina langu liwe chini, kwa kuwa nilifundisha historia.

Leo nimezipitia karatasi zake. Wazee wa Muze walimtajia machifu wetu, wa Ilemba wakamtajia walewale. Yeye kawapanga wa Ilemba juu ya wa Muze, ukoo ukarefuka maradufu.

“Dada, majina lazima yajirudie,” Kalolo akajitetea nilipomuuliza. “Mjukuu si hurithi jina la babu?”

Hurithi. Lakini chifu wa orodha ya Muze aliliwa na mamba Ziwa Rukwa, na wa Ilemba vilevile. Mamba naye anarithiwa?

“Bila Suleimani sisi ni nani?” akafoka.

Kesho ukoo unakutana. Naogopa, maana shangazi zangu wote kawapa kanga. Ila nitasimama niwaambie: babu yetu aliliwa mara moja. Mimi simrudishi kwa mamba ili ukoo uwe mrefu.