Masanja Si Mtoto wa Marehemu

Jumatatu, 9 Juni
Nimemaliza kusahihisha madaftari ya darasa la tano saa kumi. Nimerudi nyumbani Kalangalala, nikanywa uji, nikakaa kuandika riwaya yangu. Sura ya tisa, Masanja anamtafuta baba yake machimboni. Sentensi nne tu. Nimechoka mpaka kope.

Jumatano, 11 Juni
Baba Kulwa, jirani yangu, amefariki. Shimo la dhahabu limemfukia huko Runzewe. Wasifu wa marehemu naandika mimi, kama kila msiba wa mtaa huu. Nimeuandika chapuchapu ili nirudi kwa Masanja wangu. Aibu kukiri, ila nilimkasirikia marehemu kwa kunikatisha.

Alhamisi, 12 Juni
Makaburini. Mwenyekiti wa mtaa akasoma: "Ameacha mjane na watoto watatu, Kulwa, Doto na Masanja." Minong'ono. Nani asiyejua kwamba mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija? Na Shija mwenyewe kasimama pale, kashika msalaba wa baba yake. Nimeandika jina la kitabuni. Nilitaka kusema, nikanyamaza. Mwoga mimi.

Jumamosi, 14 Juni
Mtaa mzima sasa unasema Masanja ni mtoto wa nje wa marehemu, yuko Runzewe. Mpaka mama yake wanamjua! Riwaya yangu ina miaka mitatu haijafika kokote, hii imeenea kwa siku mbili. Mama Kulwa, mjane, halii. Shija kamuuliza bibi yake kama yeye si wa baba. Sijaandika kitu. Sina hamu.

Jumapili, 15 Juni
Kuanua matanga. Nimesimama mbele ya ukoo nikasema yote. Baba mkubwa wa watoto hakuamini. "Mwalimu, usimfichie marehemu. Mtoto tutamtafuta." Mama Kulwa akasema, "Kalete hicho kitabu."
Nikakileta, nikasoma. Masanja wa kitabuni ana miaka thelathini. Baba Kulwa amekufa na thelathini na minne. Mama Kulwa akacheka. Halafu akalia, mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumatano, 18 Juni
Nimeandika wasifu upya kwa mkono, Mama Kulwa autunze. Safari hii nimeuliza kwanza. Kumbe marehemu, kila akirudi kutoka machimboni, alimpigia Shija pasi sare za shule. Nimeliandika hilo pia.
Shija alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nikafika kwenye jina lake. Akalisoma mara mbili. Kisha akatoka kwenda kucheza.